Macho Hayana Pazia? Taharuki na Dhima ya Mtazamaji katika Mianzo ya Filamu

Utangulizi

Taharuki ni miongoni mwa istilahi zinazotajwa sana katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, na pia miongoni mwa zile zinazochunguzwa kwa uchache. Aghalabu mhakiki huridhika kusema kwamba mwandishi amefaulu kuijenga, akataja sura moja au mbili zinazomwacha msomaji na hamu ya kujua litakalotokea, kisha akageukia mbinu nyingine. Iwapo ni haki kumtia mtu katika hali hiyo, na iwapo anayeingia humo anadaiwa chochote, ni maswali yasiyopata nafasi. Katika riwaya huenda maswali hayo yakasubiri, kwa kuwa msomaji anaweza kukifunga kitabu na kukifungua atakapo, na sura anazoziona ni zile alizozichora mwenyewe akilini. Filamu haimpi mtu fursa hiyo. Aliyeketi katika ukumbi wa giza huoneshwa kile ambacho kamera imekichagua, kutoka pembe iliyochaguliwa, kwa muda uliopimwa. Sauti nayo humfikia hata anapofumba macho.

Waswahili husema kwamba macho hayana pazia. Msemo huu hutumiwa kumtetea mtu aliyeona jambo asilostahili kuliona: jicho lilikutana na kitu, nalo haliwezi kulaumiwa kwa kukiona. Makala haya yanadhamiria kuupima utetezi huo kwa kuchunguza mianzo ya filamu nne: M (1931) ya Fritz Lang, Touch of Evil (1958) ya Orson Welles, Peeping Tom (1960) ya Michael Powell, na Halloween (1978) ya John Carpenter. Mianzo imeteuliwa kwa sababu hapo ndipo mtazamaji anapopewa nafasi yake katika masimulizi kabla hajapata wasaa wa kuikubali au kuikataa. Mtambaji wa hadithi za jadi huiomba hadhira ruhusa: yeye husema "Paukwa!" nayo hujibu "Pakawa!", na pasipo jibu hilo hadithi haina pa kwenda. Filamu haisubiri jibu. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kamera na sauti zinapomjulisha mtazamaji hatari asiyoijua mhusika, humtwika deni kwa mhusika huyo. Na uzito wa kimaadili wa mwanzo wa filamu hutegemea iwapo deni hilo linadaiwa au linafutwa kimyakimya.

Ujuzi na Deni

Katika mazungumzo yake na François Truffaut, yaliyochapishwa kama kitabu mwaka 1966, Alfred Hitchcock alitofautisha mshtuko na taharuki kwa mfano wa bomu lililo chini ya meza. Bomu likilipuka bila ya mtu yeyote kulitarajia, hadhira hushtuka kwa sekunde chache tu. Lakini ikiwa hadhira imelionyeshwa mapema na kujua saa ya mlipuko, mazungumzo ya kawaida ya watu walioizunguka meza hugeuka kuwa mazito kwa muda wote yanapoendelea. Mfano huu umerudiwa mno na wanaofunza ufundi wa filamu, na mara nyingi huchukuliwa kuwa kanuni ya ufundi peke yake: mjulishe mtazamaji.

Hata hivyo, Hitchcock aligusia pia kwamba mtazamaji wa namna hiyo hutamani kuwaonya walioketi mezani. Hapo ndipo penye suala la maadili. Katika maisha ya kila siku, aliyejua juu ya bomu akanyamaza huhesabiwa kuwa mshiriki. Katika ukumbi wa sinema anajua, na hana njia ya kusema. Je, kutoweza kwake kunamwondolea dhima? Jibu la haraka ni kwamba wajibu hauwezi kuupita uwezo. Jibu hilo ni sahihi kwa upande wa tendo. Lakini tendo si kitu pekee kinachoweza kuhukumiwa. Anayeogopa humwogopea mtu fulani au hujiogopea. Huomba hatari ipite au huomba ifike upesi aione. Katika mambo hayo mtazamaji hajafungwa kabisa, na ni katika hayo kazi ya mwongozaji humsaidia au humpotosha.

Yafaa ieleweke kwamba kamera na sauti hazifanyi kazi moja. Kamera humwekea mtazamaji mahali pa kusimama: humpandisha juu ya paa, humshusha sakafuni, humwingiza katika mboni za mtu mwingine. Pia hukata mpaka kati ya kilichomo katika fremu na kilicho nje yake. Sauti haina fremu. Hupita ukutani, hupanda ngazi, hutoka nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa hiyo ni sauti, zaidi ya picha, inayoweza kumfunga mtazamaji kwa mtu asiyeonekana. Sehemu kubwa ya taharuki huzaliwa viwili hivi vinapoachana: kinaposikika kisichoonekana, au kinapoonekana ambacho hakuna anayekisikia.

Sauti Isiyoitikiwa: M

M ndiyo filamu ya kwanza ya Lang yenye sauti, na huanza kwa sauti. Kabla ya picha kutokea, mtoto husikika katika kiza akiimba wimbo wa mchezo unaomhusu muuaji. Kisha kamera, ikiwa juu, huwaonyesha watoto waliosimama duara katika ua wa jengo la makazi mjini Berlin, mmoja wao akiwanyooshea kidole wenzake ili kumtoa atakayeangukiwa. Mwanamke mwenye kikapu cha nguo huwakemea. Watoto hunyamaza, lakini punde tu wimbo husikika tena. Mwanamke huyo anapolalamika kwa jirani yake, Bi Beckmann, anayefua nguo, jirani hujibu kwamba maadamu watoto wanasikika wakiimba, inajulikana kuwa wapo. Kwa jibu hilo Lang amekwisha kumpa mtazamaji kipimo: uhai wa mtoto utajulikana kwa sikio, na kimya kitakuwa habari.

Yanayofuata ni mambo ya kawaida kabisa. Saa ya ukutani hugonga saa sita. Mama hutabasamu na kuandaa meza. Binti yake, Elsie, hutoka shuleni, husaidiwa na polisi kuvuka barabara, na huudundisha mpira wake kwenye nguzo yenye tangazo la zawadi ya marki 10,000 kwa atakayewezesha kukamatwa kwa muuaji. Juu ya tangazo hilo huangukia kivuli cha mwanamume aliyevaa kofia. Sauti yake humsifia mtoto mpira na kumwuliza jina. Uso hauonekani. Baadaye mwanamume huyo humnunulia Elsie puto kwa muuzaji kipofu huku akipiga mluzi wa muziki wa Grieg. Na ni mluzi huo, katika filamu isiyo na muziki wa kuisindikiza, utakaomwezesha kipofu kumtambua muuaji hapo baadaye.

Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni uamuzi wa Lang wa kutomfuata mtoto. Kamera hurudi kwa mama. Mtazamaji anajua zaidi ya mama huyo, lakini hulazimika kukaa naye katika kutojua kwake, kuitazama saa pamoja naye, na kusikia nyayo ngazini ambazo ni za watoto wengine. Hatimaye mama huita. Jina la Elsie husikika likipita juu ya picha ambazo hazina mtu: ngazi zinazozunguka hadi chini, dari yenye nguo zilizoanikwa, sahani na kijiko mbele ya kiti kitupu. Kisha mpira hubingirika majanini ukasimama, na puto hunasa katika nyaya za simu. Hakuna tendo la ukatili lililoonyeshwa. Aliyekuja kwa hamu ya kuona hakupata cha kuona. Aliyesikia amebaki na jina lililoitwa bila ya kuitikiwa.

Katikati ya kusubiri huko, kengele ya mlango hulia. Mama hukimbilia, akitumaini. Aliyesimama mlangoni ni mchuuzi wa hadithi za kusisimua zinazouzwa sehemu kwa sehemu, naye ameleta sehemu mpya. Mama humwuliza kama amemwona Elsie. Ni vigumu kudhani kwamba Lang hakujua alilolifanya: amemleta mfanyabiashara wa taharuki mlangoni pa mtu ambaye taharuki kwake si bidhaa. Mtazamaji aliyelipa kiingilio ili asisimuliwe humwona mwenzake mlangoni, na hana budi kujiuliza yuko upande upi wa kizingiti. Fauka ya hayo, filamu katika toleo lake kamili humrejesha Bi Beckmann mwishoni, pamoja na akina mama wenzake, akisema kwamba hukumu haitawarudisha watoto. Deni lililofunguliwa mwanzoni halikusahauliwa.

Picha Moja, Sauti Mbili: Touch of Evil

Mwanzo wa Touch of Evil unaukaribia sana mfano wa Hitchcock. Kamera huanza karibu kabisa, kwenye mikono inayotega saa ya bomu. Mtegaji hukimbia na kulificha bomu katika buti ya gari. Mwanamume tajiri, Linnekar, na mwanamke mcheza dansi, Zita, huingia garini bila ya kujua, na kwa zaidi ya dakika tatu, pasipo mkato hata mmoja, kamera huelea juu ya mapaa na kuteremka mitaani katika mji wa mpakani mwa Meksiko na Marekani. Gari hupotea na kuonekana tena. Kisha mume na mke wapya, Vargas na Susan, huingia katika fremu wakitembea kwa miguu, na gari hilo huwapita, huwasubiri, huwakaribia tena. Kutokuwepo kwa mkato ni sehemu ya maana: muda wa bomu na muda wa mtazamaji ni muda mmoja, na hakuna mhariri wa kumwokoa.

Kilichotukia kwa filamu hii baada ya kupigwa kinaipa nafasi ya pekee katika mjadala huu. Studio ya Universal iliihariri bila ya ridhaa ya Welles, naye mnamo Desemba 1957 akaandika waraka wa kurasa 58 akieleza alivyotaka irekebishwe. Katika toleo lililotolewa mwaka 1958, majina ya waigizaji na mafundi yalipita juu ya picha hii ya mwanzo, na muziki wa Henry Mancini, wenye mapigo ya ngoma, uliifunika yote. Mwaka 1998 Walter Murch aliihariri upya kwa kuufuata waraka huo. Majina yaliondolewa, na mahali pa muziki wa Mancini pakawekwa sauti za mji wenyewe: muziki unaotoka katika milango ya vilabu, na ule wa redio ya gari lenye bomu.

Kwa hiyo mhakiki ana matoleo mawili yenye mwendo uleule wa kamera na sauti tofauti, na anaweza kupima kazi ya sauti pekee. Katika toleo la 1958, muziki huwa juu ya watu wote kwa usawa. Humwambia mtazamaji kwamba burudani imeanza, na majina ya nyota humkumbusha ni nani wa kuangaliwa. Katika toleo la 1998, redio ya gari huwa uzi unaowaunganisha waliohukumiwa na masikio ya mtazamaji. Gari linapojificha nyuma ya majengo, redio hufifia. Inaporudi kusikika, kifo kimekaribia. Mtazamaji hujifunza, bila ya kuambiwa, kuwatafuta Linnekar na Zita kwa sikio. Picha ni ileile, lakini mtu wa kuogopewa amebadilika.

Hata hivyo toleo hilo la pili halimsafishi mtazamaji. Kwenye kizuizi cha mpakani, Zita humlalamikia afisa kwamba anasikia mlio wa tiki-tiki kichwani. Hakuna anayemjali. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Hapa sikio la kufa ndilo pekee linalosikia, na yaliyo hai ndiyo yasiyosikiliza. Kisha gari husonga na kutoka katika fremu, na kamera hubaki na Vargas na mkewe. Ni hapo mtazamaji anaponaswa. Kwa dakika nzima amekuwa akihofu gari lililipuke karibu na wapenzi hao, na sasa linapojitenga nao hushusha pumzi. Nafuu hiyo imenunuliwa kwa roho za nani? Mlipuko husikika kabla ya kuonekana, midomo ya wapenzi ikiwa imekutana, na moto unapoonyeshwa tayari mtazamaji amekwisha kujigundua: alikuwa amewagawa watu katika wanaostahili kuogopewa na wasiostahili, na mgawanyo huo aliufanya haraka mno, kwa kufuata tu mahali kamera ilipopenda kukaa.

Jicho la Kuazima: Peeping Tom na Halloween

Filamu mbili zinazosalia humpeleka mtazamaji mbali zaidi. Hazimwambii tu kuhusu hatari. Humwazima jicho la anayeileta. Peeping Tom huanza kwa picha ya karibu ya jicho linalofunguka. Punde mtazamaji huona kupitia kiangalizi cha kamera iliyofichwa, chenye mistari iliyopandana kama msalaba, ikimfuata mwanamke hadi chumbani kwake na kuukaribia uso wake uliojaa hofu. Mara tu baadaye, majina yanapopita, tukio lilelile huonekana tena, safari hii likiwa kwenye skrini katika chumba cha giza, na muuaji ameketi akiitazama filamu yake. Powell hakuacha nafasi ya kujificha. Mtu aliyeketi gizani akiitazama hofu ya mwingine yuko mbele ya watu walioketi gizani wakiitazama hofu ya mwingine. Wahakiki wa Uingereza waliipokea filamu hiyo kwa ghadhabu kubwa, na sifa ya Powell katika nchi yake ikaporomoka.

Halloween hutumia mbinu inayofanana, kwa lengo jingine. Usiku wa mwaka 1963, kamera inayotembea kama mtu huizunguka nyumba, huchungulia dirishani, huingia jikoni, na mkono huchukua kisu. Picha huonekana kama isiyo na mkato. Uso unapovishwa kinyago, fremu nzima hufinywa na kuwa matundu mawili ya macho, na kuanzia hapo pumzi za mvaaji husikika kwa ukaribu usiostahimilika, kana kwamba ni za mtazamaji mwenyewe. Msichana, Judith, hushambuliwa, naye hulitaja jina la anayemuua: Michael. Nje ya nyumba kinyago huvuliwa, na mwenye macho hudhihirika kuwa mtoto wa miaka sita, nduguye Judith. Kamera hujitenga naye ikipanda juu.

Ufundi wa Carpenter hauna shaka, wala kitendo cha kumvua mtoto kinyago hakikosi maana, kwani humrudishia mtazamaji swali la nani aliyekuwa akitazama. Lakini mshtuko unaofunga mwanzo huo wote unamhusu muuaji: kumbe ni mtoto! Judith aliyeachwa ghorofani hajulikani alikuwa nani wala alipenda nini. Sauti yake ya mwisho ilitumika kumtambulisha mwingine. Katika M jina la mhanga ndilo lililobaki masikioni. Katika Halloween limebaki la mhalifu. Kwa mizani ya makala haya, hapa ndipo deni linapofutwa: mtazamaji alikopeshwa macho ya muuaji, akayarudisha, na hakuna aliyemdai chochote kwa ajili ya msichana.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba Elsie, Zita na Judith si watu. Ni vivuli juu ya kitambaa, na mtu hawezi kudaiwa na kivuli. Hoja hii ni ya kweli kupita kiasi. Ikikubaliwa, itabidi pia ikubaliwe kwamba hakuna aliyewahi kumlilia mhusika wa tamthilia, jambo linalokanushwa na kila ukumbi. Deni linalozungumziwa halilipwi kwa mhusika. Hulipwa katika namna mtazamaji anavyozoea kuwaogopea wengine, na mazoea hayo hatoki nayo ukumbini akayaacha kitini.

La pili huegemea kwa Aristotle, aliyefunza kwamba tanzia huamsha woga na huruma na kuvipatia utakaso. Basi taharuki ni dawa, na swali la haki halina mahali. Lakini Aristotle aliviweka viwili hivyo pamoja. Woga bila ya huruma haukuwa tanzia. Mwanzo unaomfanya mtazamaji atetemeke pasipo kumhurumia yeyote umetoa nusu ya dawa, na nusu hiyo ndiyo yenye sumu.

La tatu hutoka kwa wanaodhani kwamba suluhisho ni ukaguzi. Mfano wa M unatosha kuonyesha udhaifu wa rai hiyo. Mkaguzi huhesabu kinachoonyeshwa, ilhali taharuki hujengwa zaidi na kisichoonyeshwa. Mkasi ungeweza kukata kisu cha Halloween na bado ukaacha zile pumzi. Na kule M usingepata cha kukata.

Hitimisho

Katika kitabu cha nne cha Jamhuri, Plato anasimulia kisa cha Leontius, aliyekuwa akipanda kutoka Piraeus akaona maiti karibu na mnyongaji. Alitamani kutazama, na papo hapo akachukizwa na tamaa yake. Alishindana nayo kwa muda akiwa amejifunika uso, kisha akashindwa, akakimbia akiwa amekodoa macho na kuyaambia yashibe. Leontius hakusema kwamba macho hayana pazia. Aliyalaumu, kwa maana nyingine alijilaumu, na lawama hiyo ndiyo iliyomfanya awe kitu zaidi ya macho.

Filamu nne zilizochunguzwa zinaonyesha kwamba kamera na sauti zinaweza kumsaidia mtazamaji kufikia lawama hiyo au kumwepusha nayo. Lang humnyima cha kutazama na kumwachia jina la kusikiliza. Welles humfunga kwa waliohukumiwa kwa uzi wa redio, kisha humwonyesha alivyo mwepesi wa kuukata. Powell humweka mbele ya kioo. Carpenter humkopesha macho na kuyachukua, bila ya kuuliza yalitumika kumwona nani. Mhakiki wa taharuki, awe anashughulikia filamu, riwaya au ngano, hana budi kuongeza swali moja katika yale aliyoyazoea. Pamoja na kuuliza hofu imejengwa vipi, aulize ni hofu kwa ajili ya nani. Jicho la mtazamaji huenda kweli halina pazia, lakini ukumbi unalo, na kila linapofunguliwa kuna mtu upande wa pili ambaye hajui anatazamwa.